Hewa Isiyohesabiwa

Gari limetoka gereji na bomba jipya la hewa, la alumini, linang'aa. Lile boksi jeusi la plastiki lililokuja nalo kutoka kiwandani limetupwa pembeni, na mahali pake pamekaa chujio jekundu lenye umbo la pia. Barabarani linavuta vizuri, hata mlio wake umekuwa mzito. Kisha linafika kwenye taa. Dereva anaondoa mguu kwenye eksileta, mshale wa mizunguko unashuka hadi 800, hausimami hapo, unapita 600, unagusa 400, injini inatikisika mara moja na kuzima. Akiliwasha linawaka bila kinyongo. Taa zinazofuata, linazima tena.

Fundi mwenye haraka huanza kununua vipuri: plagi, koili, pampu ya mafuta. Kila kimoja kinafungwa, mwenye gari analipa, na gari linaendelea kuzima. Fundi anayeijua asili ya kazi yake huacha spana chini kwanza na kujiuliza: hewa inayoingia humu, nani anaihesabu? Na je, bado anaiona yote?

Swali hilo ni la zamani kuliko gari lolote lililoko barabarani leo. Petroli peke yake haiwaki ndani ya silinda. Kila gramu moja yake hutaka gramu 14.7 za hewa ili iungue yote bila kubaki kitu. Lita moja ya petroli humeza hewa inayokaribia lita 9,000, yaani hewa ya kujaza chumba kidogo sana kwa chupa moja ya mafuta. Hewa ikizidi sana, moto unashindwa kushika. Mafuta yakizidi, plagi zinalowa na kuwa nyeusi. Injini ikiwa kwenye kasi husamehe makosa mengi, kwa sababu kila kitu kinakwenda kwa nguvu. Ikiwa imetulia bila mzigo, kwenye ule mngurumo wa chini ambao mafundi wengi wa Tanzania huuita sailensa, haina akiba ya kusamehe chochote. Ndiyo maana gari lenye kasoro ya hewa huzima kwenye taa, na halizimi mlimani.

Karl Benz, aliyeomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwezi Januari 1886, hakuwa na namna ya kuhesabu. Hewa ilipitishwa juu ya kidimbwi cha petroli, ikabeba mvuke uliopatikana, ikaenda zake. Mwezi Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alilichukua gari la aina hiyo pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100. Njiani bomba la mafuta liliziba, naye akalizibua kwa pini ya kofia yake. Ni kisa cha zamani kabisa miongoni mwa vile vinavyojulikana vya mtu kukwama njiani, kutafuta chanzo na kukipata.

Mwaka 1893 mambo yalibadilika. Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walisajili kabureta ya kunyunyiza mafuta, na Mjerumani Wilhelm Maybach akaleta yake mwaka huohuo. Wazo lao lilikaa madarakani kwa karibu miaka 100. Hewa inapitishwa kwenye koo jembamba. Ikibanwa hukimbia, ikikimbia msukumo wake hupungua, na pale palipopungua msukumo ndipo penye kitundu kidogo cha mafuta. Mafuta hunyonywa yenyewe. Hewa ikiwa nyingi inanyonya mengi, ikiwa kidogo inanyonya machache. Hakuna waya wala betri inayohusika. Hewa inajihesabu yenyewe, na mhasibu ni koo.

Lakini mhasibu huyo ana udhaifu mmoja. Anasikia kasi tu. Koo likipanuliwa, hewa ileile hupita taratibu, na yeye hudhani hakuna kilichopita.

Waliolijua hilo kwa uchungu zaidi ni vijana wa Los Angeles wa miaka ya 1930. Ford ilikuwa imetoa mwaka 1932 gari la bei nafuu lenye injini ya silinda 8, lita 3.6, nguvu za farasi 65. Miaka michache baadaye magari hayo yalipatikana kwa bei ya kutupa, na vijana waliyavua madigadi, wakayapeleka kwenye jangwa la Mojave, kwenye ziwa kavu la Muroc, ambako leo kuna kambi ya jeshi la anga ya Edwards. Udongo wa pale ni mgumu na tambarare kama sakafu. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana kuunda chama cha kusimamia mashindano, SCTA, ambacho kipo hadi leo.

Tatizo la injini ile lilikuwa pumzi. Silinda nane zilipumua kupitia kabureta moja, sawa na kunywesha ng'ombe wanane kwenye ndoo moja. Vic Edelbrock, mtu wa kutoka Kansas aliyekuwa na gereji Los Angeles, alinunua Ford ya 1932 iliyo wazi juu mwaka 1938, akasanifu manifoldi yake mwenyewe (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda) ya kubeba kabureta mbili. Aliiita Slingshot, yaani manati. Ilikuwa manifoldi ya kwanza kuuzwa kwa jina lake, na kampuni iliyokua kutoka hapo iliuza manifoldi kwa vizazi vilivyofuata. Tarehe 16 Novemba 1941, kwenye ziwa kavu la Rosamond, gari lake lilipimwa likikimbia maili 121 kwa saa, karibu kilomita 195.

Kabureta zilizopendwa zilikuwa Stromberg 97. Namba hiyo imeandikwa ubavuni mwake kwenye chuma chenyewe: ni upana wa koo, sehemu 97 kwa 100 za inchi. Koo moja la kiwango hicho kwa silinda nne, na pacha wake kwa nne nyingine. Weka kabureta ya pili, na ghafla hewa iliyokuwa inapita mlango mmoja inagawana milango miwili. Kwenye kasi kubwa ni neema tupu. Kwenye sailensa kila koo linapata nusu ya pumzi, na pumzi nusu haina nguvu ya kunyonya mafuta sawasawa. Machache yanayonyonywa yanagonga kuta baridi za manifoldi mpya na kubaki hapo kama umande. Injini iliyokuwa inanguruma kwa utulivu kama cherehani sasa inakohoa, inapanda, inashuka, inazima. Kwa hiyo lalamiko la mwenye bomba jipya la alumini lilikuwa lilelile la kijana wa Muroc.

Dawa yao inafaa kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake kuna nusu ya ufundi wa leo. Fundi alichukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja akaitia sikioni, nyingine akaishika kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Akasikiliza mvumo wa hewa. Akahamia ya pili. Moja ikivuma kwa sauti ya juu kuliko mwenzake, aligeuza kidogo sana skrubu ya kilango chake cha hewa, robo mzunguko, akasikiliza tena, hadi zote mbili ziimbe sauti moja. Ndipo alipogusa skrubu za mchanganyiko, akizifunga polepole mpaka injini ionyeshe dalili ya kudhoofika, kisha akizirudisha nyuma kidogo. Na kama bado inazima, alifunika mdomo wa kabureta kwa kiganja. Injini ikichangamka mkono ulipobana hewa, basi hewa ilikuwa imezidi, na kazi iliyobaki ni kutafuta inakopenyea: gasketi iliyokaa vibaya, manifoldi iliyopinda, boliti isiyokazwa.

Mkono ule ulikuwa kipimo cha kweli. Kutouamini kwa sababu hauna kioo cha namba ni kutowatendea haki watu walioujenga ufundi huu.

Ujuzi huo ulisafiri kwa mdomo hadi Januari 1948, Robert Petersen alipoanzisha jarida la Hot Rod mjini Los Angeles. Kuanzia hapo mtu aliyekaa mbali na California aliweza kusoma jinsi wengine wanavyolisha injini zao.

Afrika Mashariki ilikuwa na mwalimu mwingine wa somo hilohilo, naye ni kimo cha ardhi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui uzito. Koo lilelile, kilango kilekile, hewa ina uzito pungufu, lakini mafuta hayapungui kwa kiwango hichohicho. Gari lililotengenezwa vizuri Mombasa lilipanda hadi Nairobi na kuanza kutoa moshi mweusi. Lilipofika nyanda za Limuru, zaidi ya mita 2,000, plagi zilikuwa zimepakwa masizi. Mafundi walizoea kubadilisha jeti, vile vitundu vya mafuta, na kurekebisha skrubu kwa kufuata mahali gari linapoishi. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yaliwalazimisha madereva kuishi na shida hiyo ndani ya safari moja, kutoka joto la chini hadi baridi ya milimani, na vumbi likiziba machujio muda wote. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Peugeot ilikuwa ikiuza pia 404 isiyo na kabureta kabisa, yenye pampu ya Kugelfischer iliyosukuma mafuta kwa mitambo mitupu, na gari hilo lilikuwa ishara ya kule dunia ilikokuwa inaelekea.

Jaribio la kwanza la kumkabidhi umeme kazi ya kuhesabu lilivunjika vibaya. Kampuni ya Marekani ya Bendix ilitengeneza mfumo ulioitwa Electrojector, na Chrysler ikaufunga kwenye baadhi ya magari yake ya mwaka 1958. Yalitoka 35 tu, na mengi yao yalirudishwa yakafungwa kabureta. Vifaa vya umeme vya wakati ule havikustahimili joto na mtikisiko wa injini. Wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na Bosch ya Ujerumani, iliyopata haki za hataza zile, ililikuza hadi likasimama. Mwaka 1967 Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani zilitoka na mfumo wa D-Jetronic. Herufi D inasimama badala ya neno la Kijerumani la msukumo: sensa ilipima msukumo wa hewa ndani ya manifoldi, na kompyuta ndogo ikakisia kutokana na hapo ni hewa kiasi gani imeingia.

Kukisia si kuhesabu, na tofauti hiyo ndiyo inayowachanganya mafundi wengi mpaka leo.

Mwaka 1973 Bosch walileta L-Jetronic, L ya Luft, hewa. Humo hewa yote ililazimika kupita kwenye kibao kinachofunguka kama mlango wa bawaba. Kibao kikisukumwa zaidi, mafuta yanaongezwa. Sasa palikuwa na bawabu mlangoni. Na bawabu anahesabu wale tu wanaopita mlangoni kwake. Mafundi waliligundua hilo kwa njia rahisi ajabu: injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha kujazia oili. Kwenye gari la kabureta mara nyingi hakitokei kitu cha maana. Kwenye gari la L-Jetronic injini iliyo nzima inayumba papo hapo au kuzima, kwa sababu hewa imepenya kupitia kreki, chumba cha chini cha injini chenye oili, hadi kwenye silinda bila kupita kwa bawabu. Na kama kifuniko kimefunguliwa na injini haikujali, hiyo ndiyo habari mbaya, maana yake kuna tundu jingine ambalo tayari linavujisha.

Miaka ya mwanzo ya 1980 kibao kiliwekwa kando na mahali pake ukaja waya wa platinamu, mwembamba kama unywele, unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayopita huupoza, na kompyuta hupima ni umeme kiasi gani unahitajika kuurudisha kwenye joto lake. Hewa nzito hupoza zaidi, nyepesi hupoza kidogo, kwa hiyo waya hupima uzito wenyewe na tatizo la Mombasa na Nairobi likafutika. Kwenye mifumo ya mwanzo ya Bosch, dereva akishazima gari, waya ulipashwa kwa sekunde moja hivi hadi nyuzi 1,000, ukawaka mwekundu, ili kuunguza vumbi lililoushika.

Mfano ulio wazi zaidi wa ugomvi kati ya kukisia na kuhesabu uko kwenye Ford Mustang yenye injini ya lita 5.0. Kuanzia 1986 ilitumia mfumo wa kukisia kwa msukumo. Wapenzi wa mbio walipobadilisha manifoldi na kamshafti, mhimili unaofungua vali, mvuto wa hewa ndani ya manifoldi ulishuka wakati wa sailensa. Kompyuta ilisoma msukumo uliopanda na kuamini dereva amekanyaga eksileta. Ikamwaga mafuta. Gari likapanda na kushuka kama mtu mwenye homa, kisha likazima. Ford walianza kufunga sensa ya kupima hewa kwenye Mustang za California mwaka 1988, na za majimbo mengine mwaka 1989. Wenye magari ya kabla ya hapo waliotaka kubadilisha kamshafti walinunua seti nzima, sensa, nyaya na kompyuta, wakahamia upande wa kuhesabu.

Hapa kuna jambo ambalo lingeokoa fedha nyingi kama lingejulikana zaidi. Tundu moja, kwenye mifumo hii miwili, huleta ugonjwa tofauti. Gari linalokisia kwa msukumo, kama Honda Civic nyingi za miaka ya 1990, likivuja hewa kwenye manifoldi huongeza mafuta na sailensa hupanda. Likivuja kwenye bomba lililo kabla ya kilango, halihisi chochote. Gari linalohesabu kwa waya likivuja popote baada ya sensa hukosa mafuta na kuzima. Kwa hiyo bomba jipya la hewa ambalo halikuleta shida kwenye gari la jirani linaweza kulifanya lako lisimame katikati ya barabara, na wala si kwamba bomba hilo ni bovu.

Mara nyingi shida iko kwenye upana. Sensa ndogo ya Denso iliyoko kwenye Toyota nyingi, ile yenye waya tano kwa kuwa imebeba pia kipimo cha joto, haipimi hewa yote. Huchota sampuli ndogo katikati ya bomba, na kompyuta huzidisha kwa kufuata upana wa bomba la kiwandani. Tuseme bomba lile lilikuwa na milimita 70, na jipya lina 80. Milimita kumi zinaonekana si kitu, lakini nafasi ya kupita hewa imeongezeka kwa asilimia 30, hivyo hewa ileile hupita ikiwa imepungua kasi kwa asilimia 23. Kompyuta inaona upungufu, inapunguza mafuta. Sensa iliyo kwenye ekzosi inapiga kelele kwamba mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza kidogo kidogo, hadi inafika mwisho wa ruhusa yake, inawasha taa na kuandika namba ya hitilafu P0171. Ni kosa lilelile la koo lililopanuliwa, zaidi ya miaka 80 baada ya Slingshot.

Kuna na mengine madogo. Sensa iliyogeuzwa nyuma mbele. Kona kali ya bomba iliyo karibu mno na sensa, ambapo hewa inazunguka badala ya kwenda. Chujio la wazi lililokaa mbele ya feni ya rejeta, upepo wake ukiuchezea waya kila feni inapoanza. Oili ya chujio lililopakwa kupita kiasi, iliyorukia kwenye waya na kuufunika. Na lililo la kawaida kuliko yote: ile hozi ya kupumulia kreki. California ilidai tangu 1961 kwamba moshi wa kreki urudishwe kuchomwa, na kwenye magari mengi hozi hiyo huchomekwa kwenye bomba la hewa, baada ya sensa. Bomba jipya likiwa halina kichuchu chake, mwenye gari huweka kichujio kidogo juu ya injini, kizuri kutazama. Tayari ameshafungua kifuniko cha oili cha 1973, na amekiacha wazi.

Magari haya sasa hushuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani, yakiwa yametumika, na kuishia mikononi mwa mafundi wa Barabara ya Kirinyaga Nairobi au Gerezani Dar es Salaam. Wengi wao walijifunza kwa kusimama kando ya fundi mwingine, kama ilivyokuwa Los Angeles, na baadhi yao wana kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kutuma namba kwenye simu. Aliye makini hakimbilii kuifuta P0171. Huitazama injini ikinguruma, anaangalia asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza, kisha anapitisha vidole kwenye kila kiungo cha bomba jipya. Anapofika kwenye kile kichujio kidogo cha juu ya injini hukiziba kwa kidole gumba. Mngurumo unatulia. Anakifungua, unayumba. Anaomba bisibisi, bomba la zamani, na kile kichuchu chake cha plastiki. Anatoboa bomba la alumini, anakifunga kichuchu, anaichomeka hozi na kukaza klipu. Kwenye simu namba inaanza kushuka, pole pole, ishirini na mbili, kumi na tano, tisa, na mshale wa mizunguko umekaa kwenye 750.